Kolekta Anakupigia Kila Siku Juu ya Kadi ya Benki? Rada Ndiyo Hii

Deni la kadi ya mkopo halipigangi kelele mwanzo. Unaswaipu supamaketi, unaswaipu petroli, unalipia tiketi ya konsati, na mwisho wa mwezi benki inakutumia meseji poa kabisa kwamba unaweza kulipa kiasi kidogo tu na maisha yaendelee. Kelele inakujanga baadaye, siku job imeisha ama biashara imelala. Kwanza ni meseji. Halafu ni simu ya mtu wa benki. Halafu siku moja ni nambari geni, msee ana sauti nzito, anakwambia usipotuma doh kabla ya saa kumi leo, kesho uko ndani.

Huyo ndiye kolekta. Kuna vitu anaweza kukufanyia na kuna vitu hawezi, na kazi yake inategemea sana wewe usijue tofauti. Kwa hivyo vuta kiti.

Anza na hesabu

Kabla ubishane na mtu yeyote, jua deni limefikaje hapo lilipo. Tuseme ulikuwa na deni la 60,000 kwa kadi na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo riba peke yake ni 2,100 kila mwezi. Sasa benki ikikwambia lipa angalau asilimia 5, yaani 3,000, wewe unaona umejituma, kumbe deni limeshuka 900 tu. Weka hapo faini ya kuchelewa mara moja mbili na umerudi kulekule. Hii ndiyo maana wasee wengi wanaapa wamekuwa wakilipa mwaka mzima na deni ni lile lile. Hawadanganyi.

Lakini kuna kitu makolekta hawakwambiangi. Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 44A, kilianza kufanya kazi 2007, na kinaweka kikomo kwa deni ambalo limekwama. Kwa lugha ya mtaa: tangu siku deni lihesabiwe kuwa limekufa, kwa kawaida ukishapitisha siku 90 bila kulipa, riba ambayo benki inaweza kukudai haifai kupita pesa ya msingi uliyokuwa unadaiwa siku hiyo. Ulikuwa na 60,000 ya msingi? Basi riba inaishia 60,000 nyingine, jumla 120,000, pamoja na gharama ambazo benki imetumia kukutafuta. Kolekta akikuitisha 240,000 kwa hiyo kadi, usianze kulia. Itisha taarifa ya akaunti kutoka benki, inayoonyesha msingi, riba na faini, mwezi kwa mwezi. Kikomo hiki hakizuii riba ambayo korti yenyewe imeamuru baada ya hukumu, kwa hivyo usingoje mambo yafike huko.

Na ucheki pia kama deni ni lako kweli. Majina yanafanana, nambari za simu zinabadilisha wenyewe, na wakati mwingine kadi ilitumiwa na mtu mwingine. Hakuna haja ya kulipa kitu kwa sababu tu mtu ameongea na Kiingereza kizito.

Huyu msee ni nani?

Mara nyingi kolekta ni kampuni imekodishwa na benki. Deni bado ni la benki, yeye ametumwa tu, na wengi wao hulipwa kamisheni kwa kile wamerudisha. (Ndiyo sababu simu zinakuwa nyingi mwisho wa mwezi. Yeye pia ana tageti na boss anamfinya.) Hana nguvu za karao, hana nguvu za korti. Ana simu yako na ana orodha.

Akipiga, mwitishe vitu vitatu: jina lake kamili, jina la kampuni, na barua ya benki inayosema kampuni hiyo imepewa akaunti yako. Kolekta wa ukweli ataituma bila stori. Tapeli ataanza kupandisha sauti. Halafu wewe mwenyewe pigia benki kwa nambari iliyo nyuma ya kadi uulize kama deni limepelekwa kwa hiyo kampuni. Dakika kumi tu, na zitakuokolea doh.

Na hii iandike kwa ukuta: usitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi. Hata akisema ni ya "ofisi". Hata akisema ukitumia hii atakupunguzia. Lipa kwa pebili ya benki kwa akaunti yako ya kadi, ama uingie tawini na uweke mwenyewe. Pesa uliyotuma kwa simu ya kolekta inaweza kukosa kufika benki kabisa, na utadaiwa tena na mwingine ambaye hajawahi kukusikia.

"Utalala ndani"

Hii ndiyo silaha yao ya kwanza, na inaingiza watu baridi kuliko zote. Kushindwa kulipa deni la kadi si kosa la jinai Kenya. Ni kesi ya madai, kati yako na benki. Karao hawana kazi ya kukusanyia benki pesa, na DCI haitumangi meseji za "lipa kabla ya saa nane". Ukiona meseji ina nembo ya polisi na nambari ya kesi ambayo haijulikani ni ya korti gani, piga skrinshoti, utaihitaji.

Kuna mahali jinai inaweza kuingia. Kama ulitumia karatasi feki za mshahara kupata kadi, hiyo ni stori nyingine kabisa. Pia usiandikie kolekta hundi ukijua akaunti haina kitu, kwa sababu hundi kama hiyo inaweza kukugeuzia kesi ya madai ikawa ya jinai.

Je, jela ya madai iko? Iko. Lakini iko mbali sana na hiyo simu. Lazima kwanza ushtakiwe, hukumu itolewe, ushindwe kulipa, uitwe tena kortini ueleze kwa nini usifungwe. Na korti inataka kuona kwamba una uwezo wa kulipa na unakataa ama unaficha mali. Msee amesota kabisa na anaeleza hivyo mbele ya hakimu hafungwi kwa sababu ya umaskini wake. Mtu anayekosa kutokea kila akiitwa ndiye hujiweka pabaya.

"Tunakuja kubeba vitu"

Kolekta hawezi kuingia kwa keja yako akabeba tivii. Anayeweza kubeba ni dalali mwenye leseni, tena akiwa na agizo la korti lililotoka baada ya hukumu. Na hata huyo dalali hafiki siku ya kwanza na lori. Kwanza anakuja kuandika orodha ya vitu, anakuachia notisi, na unapewa siku 7 za kulipa kabla vichukuliwe. Mtu akija mlangoni, mwambie aonyeshe leseni na karatasi ya korti. Piga picha ya zote mbili. Kama hana, hiyo ni ziara tu, na unaweza kumwambia aende.

Hata agizo likiwa la ukweli, kuna vitu ambavyo Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza kubebwa: nguo zako za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko yako na ya familia, na vifaa vya kazi yako. Fundi hanyang'anywi mashini ya kushona. Kinyozi anabaki na mashini yake. Lakini sofa, tivii kubwa, spika za kusumbua majirani, hizo zinaenda. Mshahara pia una kinga: theluthi mbili yake haiguswi.

"Tunaambia boss wako na mathe wako"

Hapa ndipo watu wengi huvunjika. Si pesa, ni aibu. Kolekta anajua unaweza kuvumilia simu 20 kwa siku, lakini huwezi kuvumilia shosh apigiwe simu kijijini aambiwe mjukuu wake ni mwizi.

Kwanza, mathe hadaiwi. Kumwandika mtu kwa fomu kama wa kuulizwa hakumfanyi mdhamini. Kwa sheria ya mikataba ya Kenya, huwezi kumshtaki mtu kwa deni la mwingine bila maandishi aliyoyatia sahihi kukubali kulibeba. Waambie watu wako hivyo mapema, wewe mwenyewe, kabla kolekta awaambie version yake. Simu moja kwa mathe inayosema "kuna deni la benki, nalishughulikia, mtu akikupigia usitume kitu" inamnyang'anya kolekta nusu ya nguvu zake. Ni simu ngumu kupiga, najua. Lakini ni afadhali aisikie kutoka kwako.

Pili, deni lako ni habari yako ya siri. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna ofisi ya Kamishna wa Data, ODPC, ambayo inapokea malalamiko bila kuitisha pesa, hata kwa mtandao, na inafaa kuamua ndani ya siku 90. Hii haijabaki kwa karatasi. Septemba 2023, ofisi hiyo ilipiga faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa nyuma ya apu za mkopo KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na nambari za watu zilizotoka kwa wengine, halafu kuwatumia meseji na simu za vitisho. Kwa apu zenyewe, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza wazi vitisho, matusi, kupigia watu walio kwa simu yako, na kukuanika mtandaoni. Kadi ya benki haiko chini ya kanuni hizo za apu, lakini sheria ya data inagusa benki na kolekta wake sawasawa.

Kwa hivyo usifute meseji hata kama zinakuuma. Weka skrinshoti, andika tarehe, saa na nambari iliyopiga, muombe shangazi aliyepigiwa naye aweke yake. Tuma lalamiko kwa benki kwanza, kwa maandishi, kwa sababu benki ndiyo imemtuma huyo mtu. Benki nyingi hazitaki jina lao kwa faili ya Kamishna juu ya kadi ya 60,000. Wasipojibu, nenda ODPC na hizo skrinshoti.

Na HR? Kolekta akipigia ofisi, boss wako hana ruhusa ya kukukata mshahara kwa maneno ya simu. Anahitaji agizo la korti ama sahihi yako wewe.

Kitu cha kuogopa kweli

Baada ya hizo zote, kuna karatasi moja ambayo hufai kuichezea: samansi ya korti.

Simu inaweza kupuuzwa, samansi haipuuzwi. Benki ikikushtaki na usijibu ndani ya siku zilizoandikwa, mara nyingi 15, korti inaweza kutoa hukumu bila wewe kuwa hapo. Hapo ndipo dalali anapata karatasi yake, na hapo ndipo korti inaweza hata kuagiza benki nyingine unayoweka pesa izishikilie. Watu wengi waliobebewa vitu hawakushindwa kesi. Hawakutokea.

Na usifikirie samansi lazima iletwe na mzee wa bahasha ya kahawia. Tangu 2020, kanuni za Kenya zinaruhusu samansi itumwe kwa barua pepe na kwa apu za meseji kama WhatsApp. Yaani ukimblokisha kila mtu na kuzima blutiki, unaweza kuwa umeblokisha kesi yako mwenyewe. Samansi ya ukweli ina jina la korti, nambari ya kesi na muhuri. Nenda rejista ya korti iliyoandikwa hapo ama uangalie kwa mfumo wa mtandao wa Mahakama kama kesi iko. Kama iko, jibu. Kama haiko, una skrinshoti nyingine ya kupelekea benki.

Madeni ya hadi shilingi milioni 1 yanaweza kwenda Korti ya Madai Madogo. Hapo si lazima uwe na wakili, na kesi inafaa kuisha kwa siku 60. Ukienda, usiende kukana deni unalojua ni lako. Nenda na taarifa ya akaunti, na karatasi za kuonyesha unachopata kwa mwezi na unachotumia, uombe kulipa kidogo kidogo. Korti ina nguvu ya kuamuru hivyo, na mpango wa korti wa 4,000 kwa mwezi ni poa kuliko kelele ya kolekta anayetaka 40,000 leo.

Deni la kitambo

Hapa kuwa makini sana. Sheria ya Kenya inaipa benki miaka 6 ya kukushtaki kwa deni la mkataba. Ikipita bila kesi, wewe ukiitwa kortini unaweza kusema muda umeisha, na ni lazima useme mwenyewe, korti haitakusemea. Lakini ukikubali deni hilo kwa maandishi yenye sahihi, ama ukilipa sehemu yake, saa inaanza kuhesabu upya.

Sasa unaelewa kwa nini kolekta wa deni la 2017 anakuwa mpole ghafla: "Boss, tuma hata soo tano tu nionyeshe una nia." Hiyo soo tano inaweza kufufua deni lote. Deni likiwa limekaa hivyo, usitume kitu, usitie sahihi popote, mpaka uone wakili ama uangalie tarehe ya malipo yako ya mwisho. Na kama benki ilishapata hukumu, hesabu ni nyingine: hukumu inaishi miaka 12.

Kuongea bei

Kama deni ni lako na ni la karibuni, dawa ni kuongea, na kuongea kwa maandishi. Kolekta akipiga, mwambie tu: "Nitumie kwa barua pepe, nitajibu huko." Halafu andika kitu kama hiki:

"Habari. Nimepokea simu kuhusu akaunti yangu ya kadi. Naomba taarifa kamili ya deni inayoonyesha msingi, riba na faini, pamoja na barua ya benki inayowapa kazi hii. Nikishaipata nitawatumia mpango wa malipo. Naomba mawasiliano yote yawe kwa barua pepe hii, na msiwasiliane na mtu mwingine kuhusu akaunti yangu."

Haina matusi, haina kuomba msamaha, haina ahadi ya tarehe. Usiahidi tarehe usiyoweza, kwa sababu ahadi iliyovunjwa ndiyo inarudisha ile sauti nzito. Piga hesabu ya rent, chakula, nauli na ada za mtoto kwanza, kinachobaki ndicho unachopeana. Kama ni 2,500, sema 2,500 na uilipe kila mwezi bila kukosa. Na usikope apu kulipa kadi, buda. Huko unahama kwa mvua unaingia mtoni.

Kama umepata pesa kidogo mara moja, labda chama kimekulipa ama umeuza kitu, omba benki ikubali kiasi cha chini kumaliza deni lote. Inawezekana, hasa deni likishakaa na benki inaona haitapata zaidi. Lakini usitume hata shilingi kabla upate barua yenye nembo ya benki inayosema kiasi hicho kinamaliza akaunti na hakuna kitakachodaiwa tena. Maneno ya kolekta kwa simu hayatoshi.

Kitu kingine ambacho wasee husahau: kama mshahara wako unaingia benki ileile iliyokupa kadi, mikataba mingi inairuhusu ijikatie yenyewe kutoka kwa akaunti yako. Unaamka tarehe 30, umebaki na 800. Soma ule mkataba, na kama uko kwa hiyo hali, ongea na benki kabla ya siku ya mshahara.

Ukimaliza kulipa, bado kuna CRB. Benki inafaa kukupa notisi ya siku 30 kabla ikuweke huko vibaya, na ukishalipa inafaa kubadilisha rekodi ionyeshe umelipa, ingawa historia yenyewe inaweza kukaa hadi miaka 5. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kampuni za CRB, kama TransUnion, Metropol na Creditinfo. Itishe ya zote tatu mwezi mmoja baada ya kulipa. Ukipata bado inasoma unadaiwa, tuma ile barua ya benki kwa CRB na kwa benki siku hiyohiyo, na uweke nakala kwa simu na kwa barua pepe, kwa sababu simu huibiwa.